Mtungaji wa Ukerewe na Ziwa Lake

Katika shule nyingi za Songwe, tangu Tunduma hata Mbozi, na tangu milima ya Ileje hata bonde la Momba, watoto hufundishwa kutunga mashairi. Nasi walimu tuzisomapo tungo zao, mara nyingi twaona jambo la ajabu. Mtoto aliyezaliwa milimani aandika juu ya jahazi na matanga, na harufu ya asumini wakati wa jioni. Bahari hajaiona, wala ua la asumini hajapata kulishika. Lakini amesikia kwamba mashairi husema hivyo, basi naye asema hivyo. Ukungu wa asubuhi ulio mlangoni kwao haumo katika shairi lake. Kahawa ya baba yake haimo, ingawa ichanuapo baada ya mvua za kwanza maua yake huwa meupe, na harufu yake yafanana sana na hiyo hiyo ya asumini aliyokwenda kuiazima mbali.

Hatumlaumu mtoto, maana ameazima kwa kuwa aliambiwa kwamba kwake hakuna kitu. Leo twataka kueleza habari za mtungaji mmoja wa bara aliyekataa kuazima macho ya watu wengine, tupate kuona alifaulu wapi na wapi alipungukiwa, na kazi yake yatufundisha nini sisi tukaao mbali na pwani.

Mtungaji huyo ni marehemu Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1970. Alikuwa mwalimu maisha yake yote: kwanza katika shule za sekondari, kisha katika Chuo Kikuu hicho hicho, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Botswana. Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari huko Wisconsin, Marekani. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 2020. Wengi wanamjua kwa riwaya zake, kama Rosa Mistika ya mwaka 1971, na Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975. Lakini sisi twataka kumtazama kama mshairi. Diwani zake ni tatu: Kichomi ya mwaka 1974, Karibu Ndani ya mwaka 1988, na Dhifa ya mwaka 2008. Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini mtu huyu alitoa vitabu vitatu tu vya mashairi, wala si vinene. Hakuwa mtu wa kumwaga maneno.

Kwanza yafaa tukijue kisiwa chenyewe. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria. Watu wake ni wakulima na wavuvi, na ziwa lawazunguka pande zote. Ziwa ndilo shamba lao la pili, nalo ndilo njia yao ya kwenda Mwanza. Tena ziwa hilo si mpole. Mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, jirani ya Ukerewe, na watu zaidi ya mia mbili wakapotea. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hujifunza mapema kwamba maji yampayo samaki ndiyo yawezayo kumchukua baba yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuandika juu ya maji kama mgeni aliyekuja kupunga upepo ufukweni.

Wala Kezilahabi hakuwa mwandishi wa kwanza wa kisiwa kile. Mbele yake alikuwako Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Kitabu kile kilingoja miaka mingi. Mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili, kikapigwa chapa mwaka 1980, na mwaka 1981 mzee yule akafariki. Mle ndani mna habari za kilimo, za uvuvi, za dawa za miti, na za ugeni wa watu wa zamani. Twamtaja Kitereza ili msomaji afahamu kwamba kisiwa kimoja kidogo, mbali na pwani, chaweza kuzaa waandishi wawili wakubwa, watu wake wakikubali kwamba mambo yao yastahili kuandikwa.

Sasa tuyatazame mashairi. Katika Kichomi mna shairi liitwalo Upepo wa Wakati. Msemaji amesimama juu ya kilima, naye atazama ziwa lililo chini. Aona mawimbi yakisukumwa na upepo, yakigongana, yakitoa povu. Kutoka hapo fikira zake zahama: mawimbi yale yamkumbusha wanadamu, nao wasukumwa na upepo mwingine usioonekana, yaani wakati. Shairi ni fupi, na maneno yake ni ya kila siku. Hamna ndani yake neno la Kiarabu lililotafutwa katika kamusi ili kupatanisha kina.

Twaomba msomaji aangalie jinsi ziwa linavyofanya kazi katika shairi lile. Watungaji wengi hutumia viumbe kama mapambo: wamekwisha kuwa na fundisho lao, kisha hutafuta ua au ndege wa kulipamba. Kwa Kezilahabi mambo yamepinduka. Ziwa ndilo lililotangulia, na fikira imetoka ndani yake. Ukiliondoa ziwa, shairi halibaki na kitu. Hiyo ndiyo alama ya kumjua mshairi ambaye ulimwengu wa Mungu umemfundisha kweli. Usihesabu ameyataja maua mangapi. Jiulize kama angaliweza kuifikiri fikira ile asingalikulia pale.

Tena kijiji chake hakukificha. Amekitaja Namagondo kwa jina katika mashairi yake, wala hakuona haya, kama vile washairi wa pwani wasivyoona haya kuitaja Mombasa au Lamu. Jambo hili laonekana dogo, lakini ni kubwa. Mtu akilitia jina la kijiji chake katika shairi, husema kwamba kijiji kile ni sehemu ya dunia.

Basi twafika penye ugomvi. Wasomaji wetu wajua kwamba ushairi wa Kiswahili una kanuni zake. Katika shairi la kawaida kila ubeti huwa na mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, nane na nane, na vina katikati na mwishoni. Utenzi nao huwa na mizani minane kwa kila mstari, na kina cha mwisho wa ubeti huendelea toka mwanzo wa utenzi hata mwisho. Sheikh Amri Abedi, naye mtu wa bara, wa Ujiji, aliziandika kanuni za ushairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na wengi wamejifunza kwake. Tungo zisizofuata kanuni wazee wa ushairi waliziita guni. Naye Kezilahabi aliviacha vina na mizani makusudi. Katika maneno ya mwanzo ya Kichomi alieleza kwamba nia yake ni kuleta katika ushairi lugha ile watu waitumiayo katika mazungumzo yao. Hakuwa peke yake. K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi walitoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Malenga wa Bara mwaka 1976. Palitokea mabishano makali. Upande mmoja walisema: hao hawajui kutunga, ndiyo sababu wakaikimbia kazi. Upande wa pili walisema: vina vimekuwa pingu.

Kuhusu Kezilahabi, neno la kwamba hakujua haliwezi kusimama. Mtu huyu aliwasoma waliomtangulia kwa bidii. Mwaka 1976 alimaliza tasnifu yake ya shahada ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert, yule mwandishi mkuu wa Tanga aliyefariki mwaka 1962. Hakuiacha nyumba ambayo hajaiingia.

Lakini je, tungo isiyo na vina ni shairi? Sisi tulio Wakristo tuna jibu karibu nasi, wala hatukuliangalia. Zaburi twaziimba kila juma. Katika Kiebrania cha asili Zaburi hazisimami juu ya vina vya mwisho wa mstari. Mtungaji husema neno moja, kisha hulirudia kwa maneno mengine, la pili likilitilia nguvu la kwanza au kulijibu. Wala Daudi, atajwaye kuwa mtungaji wa nyingi katika hizo, hakuanza katika baraza la wataalamu. Alianza machungani, pamoja na kondoo. Hakuna Mkristo asemaye kwamba Zaburi ni guni. Mathias Mnyampala, mtu wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, aliifuata njia nyingine: alizitia Injili na Zaburi katika tenzi zenye vina na mizani, na kazi yake ni ya heshima. Basi njia ni mbili, na zote mbili zafika. Yampasa mtu achague ile iifaayo fikira yake. Wimbi la ziwa kubwa halilingani na wimbi lililolitangulia, na kwa shairi la mawimbi yagonganayo mistari isiyolingana yafaa kabisa.

Sasa tufuate maisha ya utunzi wake hatua moja zaidi, maana ndipo twaona jambo lililo zuri kuliko yote. Katika Upepo wa Wakati msemaji yuko juu na ziwa liko chini. Huyu ni kijana aliyesoma. Amepanda kilima cha elimu, na kutoka huko atazama mawimbi, na wanadamu pia, kwa mbali. Mvuvi aliye ndani ya mtumbwi haoni mawimbi kama hayo. Yeye ayajua kwa mikono yake na kwa mgongo wake. Twaona upweke katika tungo hizo za kwanza, na jina la kitabu lenyewe, Kichomi, ni jina la maumivu makali ya ubavuni. Mwenye kichomi hujishika ubavu wake mwenyewe.

Kisha ikapita miaka kumi na minne, na kitabu cha pili kikaitwa Karibu Ndani. Jina hilo ni neno la mwenyeji aliye mlangoni. Humo mna shairi la Mafuriko, ambamo mtungaji ataja mahali atakapoziandika nyimbo zake. Hachagui karatasi nzuri. Achagua mabawa ya nzi, na milia ya pundamilia, na masikio ya tembo. Tena ataja vidonda vya wakulima na jasho lao. Nzi ni kiumbe tunachokifukuza mezani, walakini huingia katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, na sauti yake husikiwa na wote. Mtungaji ataka wimbo wake uingie hivyo hivyo. Hapa hasimami tena juu ya kilima. Ameshuka, yuko katikati ya wadudu, na wanyama, na watu wenye majembe. Kwa maoni yetu safari hii, ya kutoka kilimani hata mlangoni pa mkulima, ndiyo habari kubwa ya maisha yake ya utunzi. Wengi waliopata elimu hupanda, wasishuke tena.

Walakini mwenye kusifu bila kupima ni mpambe, si mwalimu. Tuna maneno matatu juu ya kazi hii.

La kwanza ni la kumbukumbu. Shairi lenye vina na mizani hukaa kichwani. Bibi asiyejua kusoma aweza kushika beti ishirini za utenzi, akamfundisha mjukuu wake wakati wa kupepeta mahindi. Tungo za Kezilahabi haziimbiki hivyo. Hazina budi kusomwa katika kitabu. Na vitabu vijijini ni vichache, wala bei yake si ndogo. Basi mtungaji aliyetaka lugha ya watu wa kawaida alichagua umbo ambalo watu wa kawaida hawawezi kulibeba bila karatasi. Hili ni pungufu la kweli, na watetezi wake hawajalijibu vema.

La pili ni giza. Kadiri alivyoendelea kuandika, ndivyo baadhi ya kazi zake zilivyokuwa ngumu. Riwaya zake za Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 zawasumbua hata wanafunzi wa vyuo, na katika mashairi ya baadaye pia mna mahali ambapo msomaji hubaki mlangoni, ijapokuwa ameambiwa karibu ndani. Hatusemi kwamba kila shairi lieleweke mara moja kama tangazo la sokoni. Twasema tu kwamba mwenyeji akikukaribisha, yafaa awashe taa.

La tatu si kosa lake, ni la wafuasi wake. Vijana wengine wameona kwamba hakuna vina, wakadhani hakuna kazi. Huchukua barua, huikatakata vipande vifupi, huviita shairi. Mtu avunjaye ua ili ajenge uzio mpana zaidi si sawa na mtu avunjaye ua kwa kuwa ataka kuni. Kezilahabi alipoacha kina, alijitwisha mzigo mwingine: kila picha iwe ya kweli, na kila neno lipimwe kabla ya kuwekwa mahali pake. Asiyetaka mzigo huo, heri arudi kwenye vina, maana huko kanuni zitamsaidia kuficha uchache wa fikira.

Tumeyasema hayo yote kwa ajili ya nchi yetu wenyewe. Songwe ni mkoa mpya, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, lakini watu wake ni wa zamani. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila, Wabungu na wengine wana nyimbo za kulima, za kutwanga, za kubembeleza watoto, za harusi na za kilio. Mmoja huanza, wengine huitika. Nyimbo hizo hazifuati hesabu ya mizani ya pwani. Kwa hiyo aliyefundishwa kwamba kisicho na vina si shairi, huzisikia akadhani ni kelele za wazee, wala hashiki kalamu. Wamoravia walifika Mbozi mwaka 1899, na tangu siku hizo kusoma na kuandika kumekaa katika nchi hii zaidi ya miaka mia na ishirini. Je, katika muda huo wote, ni nyimbo ngapi za nyanya zetu zilizoandikwa? Kila mwaka mzee mmoja huzikwa, na nyimbo zake huzikwa pamoja naye.

Hapa ndipo ugomvi wa vina unapotugusa sisi. Si ugomvi wa mabwana wa vyuo vikuu peke yao. Ikiwa tungo isiyo na vina yaweza kuwa shairi kamili, basi nyanya zetu walikuwa washairi, nasi tuna urithi. Ikiwa haiwezi, basi hatuna kitu, na watoto wetu hawana budi kwenda pwani kuomba.

Wala vitu vya kutazama havitupungukii. Tunalo Ziwa Rukwa, ambalo maji yake huongezeka na kupungua, mwaka huu ukingo uko hapa, mwaka mwingine uko kule. Mto Songwe wachora mpaka wetu na Malawi, na pande zake mbili watu hupeana salamu na mbegu. Huko Marengi kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka juu, ambalo uzito wake wakadiriwa kuwa kama tani 16. Nalo limelala kimya karibu na mashamba ya kahawa. Na Tunduma tunayo mistari ya malori yakingoja kuvuka kwenda Zambia, usiku kucha, na madereva wakipika ugali kando ya magurudumu. Mtu aweza kusema kwamba malori si maumbile. Ni kweli, lakini vumbi ni la ardhi yetu, na uchovu ni wa wanadamu, na mshairi wa nzi na pundamilia asingalipita pale bila kuona neno.

Hatutaki watoto wetu wamwige Kezilahabi. Akiandika mtoto wa Mbozi juu ya mawimbi ya Ukerewe, atakuwa ameazima tena, mara hii kutoka ziwani badala ya pwani. Wala hatusemi wazitupe kanuni za vina. Wajifunze vizuri, maana mwenye kujua njia mbili hapotei upesi. Tunalowaomba wazazi na walimu ni moja tu, nalo halihitaji fedha. Juma hili, mwenye mama au nyanya aliye hai na amwombe wimbo mmoja wa kulimia au wa kubembeleza mtoto. Auandike kwa lugha yake ya asili kama usemwavyo, neno kwa neno, bila kuurekebisha. Chini yake aandike maana yake kwa Kiswahili, na jina la kijiji, na jina la aliyeuimba, kwa ruhusa yake. Kisha amsomee mtoto wake, amwambie: hili ni shairi, nalo limetoka kwetu.